Mwalimu Tereza na Wazazi wa Darasa la Saba

Tereza binti Nathanieli alizaliwa Bukima, katika nyumba iliyotazama ziwa, na mpaka alipokwenda chuo cha ualimu hakuwahi kulala mahali pasiposikika maji. Baba yake alikuwa mvuvi. Hakujua kusoma, lakini alipenda mno kuwasikiliza watu wakisoma. Tereza alipokuwa mwaka wake wa mwisho wa shule ya msingi, Nathanieli akitoka mwaloni, mitumbwi inaposhushia samaki, alikuwa akipitia shuleni, anasimama nje ya dirisha la darasa na kapu lake la samaki, anasikiliza. Siku moja mwalimu mkuu wa pale alitoka akamwambia kwa upole, "Mzee, mambo ya shule utuachie sisi. Wewe tuletee mtoto tu." Nathanieli akashukuru, akaenda zake, na hakuonekana tena pale dirishani.

Tereza alifundisha miaka michache Musoma mjini, kisha mwaka 1975 akahamishiwa kijiji cha Juhudi, bara kutoka Bunda, mahali pa pamba na ng'ombe. Kijiji chenyewe kilikuwa hakijatimiza miaka miwili. Watu walikuwa wamehamishwa kutoka vitongoji vya mbali wakajengewa kando ya barabara, nyumba zimepangwa mistari, na wengi walikuwa bado wanakwenda kulima mashamba yao ya zamani, mwendo mrefu asubuhi na jioni. Kwa kuwa waliokutanishwa pale walikuwa na lugha zao mbalimbali, Kiswahili ndicho walichoelewana nacho, kila mmoja akikisema kwa namna ya kwao.

Akapewa chumba kimoja katika nyumba ya walimu. Wiki ya kwanza alilalamika moyoni kwamba hakuna samaki. Wiki ya pili mke wa jirani alimpelekea kibuyu cha maziwa ya mgando, na tangu hapo akaacha kulalamika.

Mwaka 1976 shule ya Juhudi ikapata darasa la saba kwa mara ya kwanza, na mwalimu mkuu, Boniphace, akampa Tereza darasa hilo. Walikuwa watoto wenye akili. Ila ikifika saa nne asubuhi, wanapotea. Macho yapo ubaoni, wenyewe hawapo. Wengine walisinzia kabisa. Pamba ilipoanza kupasuka mwezi wa sita, madawati yakaanza kubaki wazi: leo watatu hawapo, kesho saba. Hana, binti wa jirani yake, msichana mrefu wa miaka kumi na sita aliyeanza shule akiwa mkubwa, alikuja shuleni Jumatatu na Alhamisi tu, kama mtu anayekwenda kliniki.

Tereza akamwomba Boniphace waitishe mkutano wa wazazi. Wakaja wengi, wakakaa kwenye nyasi mbele ya ofisi. Tereza alikuwa ameandaa hotuba. Aliwaeleza kwamba darasa la saba ni mwaka wa mwisho wa elimu ya msingi, kwamba kuna mtihani wa taifa, kwamba ushirikiano baina ya mzazi na mwalimu ni nguzo ya maendeleo ya mwanafunzi. Alitumia maneno yale yale aliyofundishwa chuoni. Wazazi walisikiliza kwa adabu. Kila alipouliza, "Tumeelewana?" waliitika kwa pamoja, "Ndiyo, Mwalimu." Mwenyekiti wa kijiji akafunga mkutano, watu wakaenda kuvuna pamba, na Jumatatu madawati yaliyokuwa wazi yalikuwa wazi vile vile.

Aliyebaki nyuma siku ile alikuwa Kija, mama mjane aliyekuwa na mtoto mmoja tu darasani, Florian. Alisubiri watu wapungue, akasogea.

"Mwalimu, umesema tuwasaidie watoto. Mimi nimesema ndiyo kama wenzangu. Sasa nataka kuuliza: nimsaidie kitu gani?"

"Mama Florian, usimamie masomo yake."

"Nisimamie vipi kitu nisichokiona? Ng'ombe nitamsimamia, namwona. Huyu anaingia mle ndani asubuhi, anatoka mchana. Kinachofanyika mle ndani mimi sikijui. Nikimuuliza ananiambia, tumesoma. Basi."

Tereza akamsindikiza Kija mpaka njia panda, na wakati wa kurudi ndipo alipomkumbuka baba yake pale dirishani. Akaenda moja kwa moja kwa Boniphace, aliyekuwa anamwagilia mchicha wake.

"Mwalimu Mkuu, naomba wazazi wa darasa la saba waje wasome."

"Si wanasoma kisomo cha watu wazima jioni?"

"Sio kisomo. Waje darasani kwangu asubuhi, wakae na watoto wao, wasome wanachosoma watoto, mpaka kengele ya mwisho."

Boniphace aliweka ndoo chini. Alikuwa mtu wa haki ila mwenye hofu nyingi. "Dada Tereza, wazazi wakishaijua njia ya darasani, kesho watakuja kutufundisha kazi."

"Wakija kutufundisha, si watakuwa wamekuja?"

Mwalimu Mkuu alifikiri, akamwagilia tuta zima kabla ya kusema kitu. "Kipindi cha Kiingereza nitafundisha mwenyewe," alisema mwishowe. "Nisije nikaambiwa nilijificha ofisini."

Mabalozi wa nyumba kumi wakapeleka habari. Kazi kubwa ilikuwa kwa Ryoba, baba yake Hana. Alikuwa mfugaji anayeheshimiwa, mwenye maneno machache, na wanaume wengi walikuwa wakimtazama yeye kwanza kabla hawajaamua jambo. Tereza alimkuta zizini.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Mwalimu. Hana amefanya kosa?"

"Hana hajafanya kosa. Nimekuja kukualika shuleni."

"Ng'ombe wataangaliwa na nani?"

"Siku moja tu, Mzee."

Ryoba alimtazama ndama mmoja kwa muda mrefu. "Mimi sikuwahi kukaa kwenye dawati tangu nizaliwe," alisema. "Baba yangu alinificha walipokuja kuandikisha watoto. Nilikuwaga mchungaji mzuri, hakutaka kunipoteza." Akacheka kidogo. "Haya. Nitakuja nione hicho kinachomla binti yangu."

Siku ilipofika, walikuja. Baadhi ya wanaume walikuja na fimbo zao, wakaziegemeza ukutani nje ya mlango kama wanavyofanya wakiingia kwenye nyumba ya mtu. Akina mama walikuja na vitoto mgongoni. Tereza alikuwa amefikiri jinsi ya kuwakalisha. Baba na binti yake kubanana dawati moja halikuwa jambo la heshima, kwa hiyo aliwaketisha akina mama na mabinti zao, na wanaume pamoja na wavulana upande wa pili. Ryoba alipata dawati la nyuma, magoti yamegonga ubao, pembeni yake Florian.

Wakaanza na imla. Wazazi wengi walikuwa wamepita kisomo na waliweza kuandika majina yao na zaidi kidogo, kwa hiyo walianza kwa kujiamini. Tereza alisoma kwa mwendo ule ule anaowasomea watoto. Alipofika sentensi ya tatu, chumba kilikuwa kimejaa pumzi za watu wanaokimbizwa. Mzee mmoja aliinua mkono akasema, "Mwalimu, punguza mwendo, tupo nyuma." Tereza akamjibu kwamba siku ya mtihani hakuna wa kupunguza mwendo. Mzee akainama, akaendelea.

Ikafuata hesabu ya mafumbo. Tereza aliandika ubaoni kuhusu treni mbili zinazoondoka katika vituo viwili kwa mwendo tofauti, zikutane wapi. Hakuna hata mtu mzima mmoja mle aliyewahi kupanda treni.

"Mwalimu," akasema Ryoba kutoka nyuma, "hizo treni zinafuata njia moja?"

"Njia moja, Mzee. Moja inatoka huku, nyingine kule."

"Basi wataumizana hao watu."

Darasa zima likacheka, watoto kwa wazazi. Kilipotulia kicheko, Tereza akauliza nani anaweza. Mkono wa Hana ukainuka. Akaenda ubaoni, akachukua chaki, akachora mstari, akaugawa, akaeleza hatua kwa hatua kwa sauti ya wazi, uso ameuelekeza kwa watu. Nyumbani Hana hakuwahi kusema mbele ya baba yake maneno yanayozidi salamu na majibu. Ryoba aliweka kalamu chini. Hakufuata hesabu, hilo alilisema mwenyewe baadaye. Alikuwa anaisikiliza ile sauti kama mtu anayejaribu kukumbuka aliisikia wapi.

Mwalimu Mkuu akaja na Kiingereza chake. Aliwaambia wazazi wasimame, wakae, waseme jina langu ni fulani, na walirudia wakicheka mpaka machozi. Kisha akawasomesha watoto kipande cha kitabu, na wazazi wakanyamaza kimya kabisa, kwa sababu watoto wao walikuwa wameingia mahali wasipoweza kuwafuata.

Ilikuwa karibu na saa nne kichwa cha Ryoba kilipoanza kwenda mbele. Alijitahidi. Alijifinya mkono. Mwishowe akanyoosha kidole kama alivyowaona watoto wakifanya.

"Mwalimu, samahani. Sisi tumeamka alfajiri, tumekamua, tukaja. Mimi sijaweka kitu tumboni. Hivi tunakula saa ngapi?"

"Shule haina chakula, Mzee. Tunatoka saa nane."

"Saa nane." Ryoba akamgeukia Florian. "Na wewe huwaga hivi kila siku?"

Florian akatikisa kichwa kukubali.

"Umekula nini leo?"

"Sijala."

Ryoba akauliza upande wa wasichana, bila kumtaja binti yake. "Na ninyi?" Walijibu kwa kutazama chini. Mama yake Hana akashika shavu. Yeye ndiye aliyemtuma Hana kisimani mara mbili asubuhi ile kabla ya kuja shule.

Hakuna aliyemkemea mtu. Tereza aliacha tu lile swali likae pale walipoliona wenyewe, kisha akatoa mapumziko, na wanaume wakatoka nje kusimama kivulini mwa ofisi wakiongea kwa sauti ya chini.

Baada ya mapumziko hakuna somo lililofundishwa. Tereza alipanga kueleza jambo moja ambalo mkutanoni alilipitia haraka: maana ya nafasi za watoto darasani. Aliposema kwamba wa kwanza ndiye aliyewashinda wote, na kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo mtoto alivyo nyuma, Kija alisimama.

"Subiri kidogo, Mwalimu. Wa thelathini na moja ni yupi?"

Tereza alisita. "Ni... yuko karibu na mwisho, Mama."

Kija akamtazama mwanawe upande wa pili wa darasa. Florian alikuwa amejifunika uso kwa mikono yote miwili. Muhula uliopita alikuwa wa thelathini na moja, na ule wa kabla yake wa ishirini na tisa, na mama yake, aliyejua kwamba ng'ombe thelathini na mmoja ni utajiri na ng'ombe wawili ni umaskini, alikuwa amefurahi jinsi mtoto anavyopanda, na kila matokeo yakija alimchinjia kuku.

"Kumbe," alisema Kija polepole, "nimekuwa nachinja kuku kwa ajili ya mkia."

Yeye ndiye aliyeanza kucheka, akacheka mpaka akakaa, na kwa kuwa yeye alicheka, wengine nao wakapata ruhusa. Florian alitamani ardhi impokee. Lakini mama yake alipofuta macho alimwambia mbele ya watu, bila hasira, "Hukusema uongo, mwanangu. Ulikula tu. Sasa kuku anayefuata tutamla tukijua tunakula nini."

Ndipo Ryoba akauliza swali ambalo Tereza alikuwa analiogopa tangu asubuhi.

"Mwalimu, hawa wote wakifanya mtihani, wangapi watachukuliwa kwenda sekondari?"

Boniphace, aliyekuwa amesimama mlangoni, alikohoa. Ingekuwa rahisi kusema, tutaona, inategemea juhudi. Tereza alitazama nyuso zile na akaona kwamba watu walioacha ng'ombe na pamba ili kukaa kwenye viti vya watoto hawawezi kupewa jibu la namna hiyo.

"Wachache sana, Mzee. Pengine wawili. Pengine asichukuliwe hata mmoja. Nafasi za nchi nzima ni chache."

"Basi wengine tunahangaika nao kwa nini?" akauliza Ryoba. Hakuuliza kwa ubishi, alitaka kujua.

"Kwa sababu wengine ndio watakaobaki na ninyi," alisema Tereza. "Pamba yenu mkiipeleka kupima, mizani anaisoma nani?"

"Karani."

"Ametoka kijiji hiki?"

"Ametoka mbali huko."

"Dawa za ng'ombe, maandishi yake mnasomewa na nani? Anayekwenda kusoma anaondoka. Anayebaki ndiye kijiji. Mimi namtaka anayebaki awe amesoma darasa la saba lote, sio nusu. Hilo ninaweza kuwaahidi mkinisaidia. Sekondari siwezi kuwaahidi."

Ryoba aliitikia kwa kichwa, mara moja. Wanaume wengine walimtazama yeye, wakaitikia nao.

Walichokubaliana siku ile hakikuandikwa popote. Akina mama wangepeana zamu kupika uji wa mtama shuleni asubuhi, na Ryoba akasema maziwa ya kuchanganyia yatatoka zizini kwake mpaka mtihani upite. Watoto wa darasa la saba wangevuna pamba Jumamosi na baada ya masomo, sio vinginevyo. Maji ya asubuhi yangechotwa na wadogo zao na baba zao. Hapo kwenye baba zao palizuka mabishano kidogo, maana hakuna aliyewahi kumwona mwanaume wa pale na ndoo ya kisimani. Mama yake Hana akasema, "Baiskeli ina keria. Ndoo inafungwa nyuma. Nani atajua ni maji?" Na kweli miezi ile Ryoba alionekana akipita na baiskeli asubuhi, uso mkavu kama mtu anayekwenda barazani, ndoo imefunikwa na gunia.

Haikwenda vizuri yote. Zamu ya uji ilisahaulika mara kadhaa. Familia moja ilihamia kwa ndugu zao katikati ya mavuno na mtoto wao hakurudi. Lakini saa nne ilipofika, Tereza alikuwa na watoto mbele yake, sio macho tu. Wazazi nao wakawa wanapita. Mmoja alikaa nyuma kipindi kimoja kisha akaenda zake mnadani, mwingine aliuliza njiani, "Leo mmefanya zile za treni?" Kija alimtaka Florian amsomee kila jioni kabla jua halijazama, na kwa kuwa alikuwa haelewi baadhi ya mambo, alimlazimisha kueleza mpaka aelewe. Florian aliona adhabu kubwa. Tereza alipoona kazi zake zinabadilika alikwenda kumpongeza Kija.

"Mimi sijamfundisha kitu, Mwalimu," alisema Kija. "Nauliza tu."

Mtihani ukaja, ukapita. Mwanzoni mwa mwaka uliofuata majina yakaletwa: wamechaguliwa wavulana wawili. Hana hakuwamo. Florian pia hakuwamo, ingawa katika muhula wake wa mwisho alikuwa wa kumi na mbili na kuku alichinjwa, jogoo mkubwa, na Tereza alialikwa.

Tereza alilia kwa ajili ya Hana chumbani mwake, peke yake. Kisha alinawa uso akaenda kwa Ryoba, kwa kuwa habari mbaya haifai kupelekwa na upepo. Njiani alijiandaa kusikia lile analostahili: kwamba maziwa yalimwagika bure. Alimkuta yule mzee ameketi nje, ameshazisikia.

"Karibu, Mwalimu. Kaa."

Akakaa. Mama yake Hana akaleta kibuyu. Walikunywa.

"Pole, Mzee," alisema Tereza.

"Pole na wewe. Ulitwambia mapema, hatukudanganywa." Akaweka kibuyu chini. "Kuna watu walikuja hapa wiki iliyopita kuzungumza habari za posa ya Hana. Nimewaambia wamuulize mwenyewe. Wamenishangaa sana." Akatabasamu. "Yeye amewaambia bado. Sasa mimi nataka uniambie, mtu anayeeleza vile ubaoni, Serikali haina kazi naye?"

Serikali ilikuwa na kazi naye. Mwaka ule ule walitafutwa vijana waliomaliza darasa la saba wafunzwe ualimu huku wakifundisha, kwa sababu taifa lilikuwa limeamua kila mtoto aende shule na walimu hawakutosha. Boniphace mwenyewe ndiye aliyempeleka Hana Bunda kwenye usaili, amempakia nyuma ya baiskeli, na kabla ya mavuno kufika Hana alikuwa akifundisha darasa la kwanza pale pale Juhudi, akiongozwa na Tereza kila alasiri. Florian alijifunza useremala kwa fundi wa kijiji na alikuwa hodari wa vipimo. Madawati mengi ya shule ile aliyatengeneza yeye, na aliyafanya mapana kidogo kuliko kawaida.

Siku ya wazazi kukaa darasani ikawa ya kila mwaka, kabla pamba haijapasuka. Mratibu wa elimu alikuja mara moja kuichunguza, akapewa dawati, akafanya imla na wenzake, akakosea maneno manne.

Tereza alikaa Juhudi miaka saba, akaolewa na mwalimu wa Butiama, akahamia shule nyingine huko, na baadaye wakajenga nyumba Bweri, Musoma. Watu waliomjua wanasema hakuwahi kupewa cheo kikubwa, na hakuonekana kukitafuta. Alipenda kwenda Bukima Jumapili baada ya ibada kumwona baba yake, ambaye sasa alikuwa mzee asiyeingia ziwani tena. Alikuwa anampelekea gazeti. Nathanieli hukaa mlangoni, miguu ameinyoosha juani, na Tereza humsomea kuanzia ukurasa wa mbele mpaka habari za mpira, akisimama pale mzee anapotaka kuuliza. Mzee aliulizaga sana.